Nusu Boksi

Breki zilianza kulia mwezi wa sita,
mwanzo kama panya kabatini,
kisha kama kisu juu ya sahani.
Na kilima cha Barón, kikianza kuteremka Valparaíso,
hakiulizi kama mshahara umeingia.

Nikaongeza sauti ya redio.
Wiki mbili nikashuka hivyo na mtangazaji wa mpira.
Sikio la kufa halisikii dawa,
wala la asiye na hela.

Wladimir akalipiga jeki, akavua gurudumu la kushoto,
akaniletea kipande kiganjani,
chembamba kama ukucha wa mtoto.
"Bi Fresia," akasema, "hapa ulikuwa ukisimama kwa maombi."

Akaandika nyuma ya kalenda ya duka la matairi:
pedi halisi, elfu thelathini na nane,
za kuiga, elfu kumi na sita.
Kuchonga diski, ishirini.
Mkono wake, ishirini na tano,
"na haupungui, maana mgongo wangu
na Nissan hii tumezeeka pamoja."

Mimi sijui kuhesabu peso. Nahesabu pindo.
Pindo moja la suruali ni elfu tatu.
Basi: pindo ishirini na moja kwa za kuiga,
ishirini na nane kwa halisi.
Kati ya kufika na kufika salama
kuna suruali saba, sindano, macho yangu,
na taa ya jikoni hadi saa nane za usiku.

Nilikuwa bado natafuna hesabu
Wladimir alipofungua gurudumu la kulia,
akanyamaza.
Akachungulia. Akazunguka kushoto, akarudi.
"Hii kazi alifanya nani?"
"Eleuterio. Mume wangu. Marehemu."
"Alibadilisha upande mmoja tu."

Boksi moja huwa na vipande vinne,
viwili gurudumu hili, viwili lile.
Nakumbuka nilimpa pesa ya boksi zima,
noti nilizozitoa ndani ya mkebe wa vifungo.
Alirudi mikono imejaa grisi, akipiga mluzi,
akanibusu shavuni, akaacha alama.

Miaka mitano nikamwambia:
ukikanyaga breki, gari linavuta kulia.
Akajibu, "Barabara ndiyo imelala upande.
Wahandisi wa mji huu walikuwa walevi."
Nikaamini. Hata kwenye uwanja wa soko,
palipo sawa kama meza,
nikaamini.

Basi mahali fulani kwenye vilima hivi
kuna gari jingine, nusu ya boksi letu,
linalovuta kushoto,
na mke mwingine aliyeambiwa habari za wahandisi.
Au alikuwa rafiki mwenye shida. Au ilikuwa kamari.
Au zile raba nyekundu za Maite mwaka ule,
ambazo sikuuliza zimetoka wapi
kwa sababu mtoto alikuwa anaruka kwa furaha.
Kaburi halina risiti.

Nilicheka palepale, kwenye harufu ya mafuta,
nikacheka hadi Wladimir akaniletea stuli.
Kisha nikamtukana Eleuterio, tusi moja,
lile alilolipenda.
"Weka halisi," nikasema. "Pande zote mbili.
Nusu nakulipa leo, nusu Ijumaa."
Akaangalia saa, akaangalia gari, akakubali.

Jioni nikateremka Barón bila redio.
Kwenye taa nyekundu nikakanyaga:
kimya. Gari likasimama limenyooka,
kama mtu aliyeacha kudanganya.

Ila mikono yangu, miaka mitano imezoea,
ilikuwa tayari imekata usukani kushoto,
kulirekebisha kosa ambalo halipo tena,
na dereva wa teksi pembeni akapiga honi ndefu,
akafungua dirisha, akaniuliza
kama nimejifunza kuendesha jana.